Shingo ya Mfaume

Kijana, ukienda kununua gitaa lako la kwanza, usianze na rangi. Najua utaanza na rangi, kila mtu huanza nayo. Miaka yote niliyokaa Kibiti nikitengeneza magitaa na kufundisha watu kuyapiga, wanafunzi waliingia kibandani kwangu wakiulizia lile jekundu, au wakiuliza kama linaingia kwenye spika. Aliyeniuliza habari za shingo ni mmoja tu, na huyo nitamfikia.

Mimi humkalisha mwanafunzi kwenye kigoda, nikamwekea gitaa pajani, nikamwambia afumbe macho na aishike shingo kama anavyoshika mkono wa mtu. Kidole gumba kikae nyuma, katikati. Vile vinne vikunjwe mbele. Sasa ugusie uzi mnene kabisa, ule ulio karibu na uso wako. Ukiufikia bila kiganja kubonyea kwenye ubao na bila kifundo cha mkono kuuma, shingo hiyo si pana kwako. Halafu bana vidole vitatu kwenye nyuzi za katikati, upige uzi mmoja mmoja. Kama kuna uzi unaozibwa na kidole cha jirani ukatoa sauti ya mfuko wa plastiki badala ya kulia, basi hiyo ni nyembamba kwako. Wenye vidole vinono na virefu huhitaji nafasi. Wenye vidole vifupi huhitaji ukaribu. Na usichanganye upana na unene: nimeona shingo nyembamba iliyo nene kama mpini wa jembe, ikamchosha mtu mkono akaenda kulalamika kuwa ni pana. Wala usiilaumu shingo kama nyuzi zimeinuliwa juu mno. Hilo ni kosa la fundi, na linarekebishwa kwa tupa na subira.

Haya sikuyasoma popote. Nilifundishwa na Fundi Athumani wa Ikwiriri, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchonga vitanda na milango. Magitaa aliyatengeneza kwa mapenzi, siku ambazo hakukuwa na harusi karibu. Wakati ule dukani ungekuta chumvi na viberiti, si gitaa. Nyuzi tulizitoa kwenye waya za breki za baiskeli, tukizifumua uzi mmoja mmoja mpaka vidole vinatoka damu. Shingo ya kwanza niliyochonga mwenyewe niliichonga kwa mti mbichi wa mkoko, kwa kuwa ulikuwa mgumu na mimi nilikuwa na haraka. Ilipokauka ilipinda kama upinde. Fundi Athumani aliitundika mlangoni, na kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Huyu Chande anatuanzishia ukoo wa wawindaji."

Mzee yule alikuwa na mtindo wake wa kupima. Alikushika mkono wa kushoto, akakubinyabinya viungo vya vidole kimoja baada ya kingine kama mkanda unga, kisha akachana ukindu mmoja, ule wa kusukia mikeka, mpaka upana wake ukamridhisha. Ukindu ule ndio ungekuwa upana wa shingo yako. Baadaye alichonga kibao kwa kipimo hicho, akakitoboa tundu na kukitundika ukutani. Kila mpiga gitaa wa Rufiji alikuwa na kibao chake pale.

Kibao chembamba kuliko vyote kilikuwa cha Mfaume.

Mfaume alikuwa rafiki yangu na mpiga solo wa bendi yetu. Utotoni, kwao Mahege, alivunjika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kikaungwa vibaya, kikabaki kimejikunja kiganjani kama mkia wa kenge. Kwa hiyo alipiga kwa vidole vitatu. Pale ambapo mimi na wewe tungenyoosha kidole cha mwisho, yeye alirusha cha pete, kikaruka na kurudi kama panzi. Fundi Athumani aliona kuwa mkono ule usingeweza kutembea kwenye ubao mpana, akaila shingo pande zote mbili kwa randa mpaka tukadhani itakatika. Nilijaribu kulipiga gitaa lile mara kadhaa nikashindwa. Vidole vyangu vilikanyagana. Halikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote duniani.

Siku moja bendi ilialikwa harusini huko delta ya Rufiji. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Wenzangu walipanda mtumbwi mmoja na mizigo yao, na walipokaribia mdomo wa mto, maji yanayopwa yalipokutana na mawimbi ya bahari, mtumbwi ukapinduka. Wote waliokotwa wakiwa wameng'ang'ania mizizi ya mikoko. Wote, isipokuwa Mfaume. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Wavuvi walisema mamba wa pale huwa hawarudishi kitu. Tuliweka tanga Mahege, tukasoma hitma, na watu wakarudi makwao. Mimi nikapewa nafasi ya kupiga solo.

Miaka ikapita. Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa, na barabara ya kusini ikajaa malori. Ndani ya marobota ya mitumba yaliyoshushwa Kibiti yakaanza kutokea magitaa ya Ulaya na ya Asia, mengine yamevunjika, mengine yana majina ya watu yamekwaruzwa mgongoni. Bendi yetu ilikufa, maana mwenye harusi aliona ni rahisi kukodi kaseti na spika kuliko kulisha watu kumi wenye njaa. Nikafungua kibanda karibu na soko. Niliyatengeneza yale magitaa na kuyauza, nikafundisha wenye nia. Fundi Athumani alikuwa ameshafariki, na vibao vyake vilikuwa ukutani kwangu. Sikuvitumia sana, kwa sababu magitaa ya mitumba huja na shingo zilizokwisha kuamuliwa na watu wa mbali. Ni wewe unayetafuta yako katikati ya zao.

Ndipo alipoingia Somoe.

Ilikuwa adhuhuri ya gulio, jua limesimama, watu wamekimbilia vivulini. Alikuwa binti wa kama miaka kumi na minane, kajifunga kanga, ananuka uduvi, ndoo tupu mkononi. Nilikuwa nimewaona akina mama wa Kiongoroni, kule delta, wakipanga uduvi wao, wale kamba wadogo, sokoni tangu asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Uduvi tunao nyumbani, mwanangu."

"Umekwisha. Nimekuja kutazama shingo."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaweka ndoo chini, akachuchumaa mbele ya magitaa niliyoyapanga, akafumba macho bila kuambiwa. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye shingo ya la kwanza.

"Pana," akasema. Akahamia la pili. "Pana." Akafika kwenye moja jembamba la umeme, akakaa nalo kidogo. "Hili limekaribia."

"Limekaribia nini?"

"Limekaribia ya kwetu."

"Kwenu mna gitaa?"

"Hatuna gitaa," akasema. "Tuna shingo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alilivuta lile gitaa pajani na vidole vyake vya kushoto vikaanza kutembea. Hakugusa nyuzi kwa mkono wa kulia kabisa. Mkono huo ulilala juu ya kanga, kiganja kikitazama juu, kama kitu alichokiokota njiani. Hakuna sauti iliyotoka, ila tiki, tiki ya vidole vikitua kwenye vyuma vya shingo. Nilikuwa nataka kumkosoa, kisha nikavitazama vile vidole.

Kidole cha pete kiliruka na kurudi kama panzi. Na kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja kiganjani.

"Kidole hicho kina nini?" nikamuuliza.

"Kipi?"

"Cha mwisho."

Akaacha kupiga, akautazama mkono wake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Akakinyoosha. Kilikuwa kizima, kirefu, kizuri. "Hakina kitu," akasema. Akarudi kwenye gitaa, na kabla hajagusa uzi wa kwanza, kidole kikajikunja chenyewe.

Hapo ndipo nilipojua kwamba jasho linaweza kupoa mgongoni mwa mtu adhuhuri ya Kibiti. Nilichukua ukindu kwenye kipande cha mkeka nilichokuwa nikikalia, nikampa. "Nichanie upana wa hiyo shingo ya kwenu."

Hakupima kwa kitu chochote. Alifumba macho, akauviringisha ukindu baina ya gumba na kidole cha kati, akauchana kwa ukucha toka juu mpaka chini. Nikaenda ukutani, nikashusha kibao cha Mfaume, nikauweka ukindu juu yake.

Ulilala sawasawa. Haukuzidi, haukupungua.

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Baba yako anaitwa nani?"

"Wanamwita Mgeni. Si baba mzazi, alimwoa mama mimi ni mdogo. Anashona nyavu."

"Hapigi gitaa?"

"Mjomba, atapigaje kwa mkono mmoja?"

Nilikaa chini. Nikamuuliza nani aliyemtuma kwangu. Akasema hakutumwa na mtu. Alisikia sokoni kwamba kuna mzee ana magitaa, akaomba apewe nafasi kwenye boti kwa kisingizio cha kuuza uduvi. "Nataka kusikia," akasema.

"Kusikia nini?"

"Ninachokipiga. Najua vidole vinakwenda wapi. Sijui vinasema nini."

Nikamwambia aweke vidole kama alivyoweka mwanzo, nikapitisha kidole changu juu ya nyuzi. Zikatoka sauti mbili nzuri, zilizobaki zikazibwa, pwa, pwa. Somoe aliondoa mkono kama aliyeungua. Sasa sikiliza kwa makini, maana ndiyo kazi yenyewe. Binti yule alikuwa na vidole virefu, vyenye ncha pana, vya mtu aliyekulia kwenye makasia. Shingo ile nyembamba haikumfaa hata kidogo. Lakini yeye alijifunza kwenye shingo isiyo na nyuzi, na mahali pasipo na nyuzi huwezi kujua unachokiziba.

Nilimwonyesha gitaa kavu moja pana, lisilo la umeme, la nyuzi za plastiki. Nikamwambia, "Mwanangu, hili ndilo lako." Akaligusa, akatikisa kichwa. "Si ya kwetu."

Wiki ile nilichukua gitaa kavu lililokuwa halina mnunuzi, nikalila shingo pande mbili kwa randa na tupa mpaka likalingana na kibao. Nikachonga upya kidaraja cha kichwani, kile kinachotenganisha nyuzi, nikazibananisha. Mke wangu, Mama Salma, alisimama mlangoni akinitazama.

"Kwa hiyo unamtembelea maiti na zawadi?"

"Huenda si yeye."

"Na kama si yeye?"

"Basi mshona nyavu atapata gitaa."

"Na kama ni yeye, Chande?"

Nikaendelea kupiga msasa.

Somoe aliporudi gulio lililofuata, nilikwenda naye kwa lori kutoka Kibiti mpaka Nyamisati, na pale tukapanda boti ya watu wa Kiongoroni waliokuwa wakirudi kwao. Somoe alikaa mbele yangu kalipakata gitaa lililofungwa kwenye gunia. Nahodha alizima injini tulipoingia kwenye mkono mwembamba wa maji, tukasukumwa kwa upondo, kwa kuwa maji yalikuwa yanapwa. Mikoko ilisimama pande zote juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wasilowe. Tope lilikuwa linatoa sauti ndogondogo, tik, tik, tik, kushoto na kulia, mbali na karibu. Nilijua ni kaa na makombe yanayofunga milango maji yakiondoka. Nilijua vizuri. Lakini nilikuwa nimesikia sauti ile juzi tu kibandani kwangu, vidole vikitua kwenye vyuma bila muziki, na sasa delta nzima ilikuwa inaipiga.

"Hapa pana jina?" nikamuuliza nahodha.

"Panalo," akasema. "Tukishapita nitakwambia." Na tulipopita hakuniambia.

Tulimkuta Mgeni amekaa nyuma ya nyumba ya makuti, ametupa mgongo, nyavu zimetandazwa miguuni. Mkono wa kulia ulikomea juu ya kiwiko. Kwenye paja lake ilikuwa imelala shingo ya gitaa, imevunjikia pale inapoungana na sanduku, nyeusi kwa mafuta ya mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea juu yake. Hakuwa anautazama. Alikuwa anatazama maji. Nakwambia, mkono ule niliusomea hitma. Niliulilia. Nao ulikuwa pale, nywele zake zimepata mvi, unafanya kazi kama zamani.

"Baba," Somoe akasema, "nimekuja na mgeni."

Akageuka. Alinitazama muda mrefu, si kwa mshangao, bali kama mtu anayehesabu miaka usoni mwa mwenzake.

"Chande," akasema. "Mliniwekea tanga?"

"Tuliweka."

"Wapi?"

"Mahege, kwa mjomba wako."

"Watu walikuja?"

"Walijaa."

"Nani alilia?"

"Fundi Athumani alilia mpaka akaugua."

"Na wewe?"

"Mimi nililia. Halafu wakanipa nafasi yako."

Akatikisa kichwa taratibu, kisha akacheka, na kicheko ndicho kilichonionyesha kuwa ni mtu mzima wa damu na nyama. "Bila shaka uliharibu zile nyimbo zote," akasema.

Alinieleza kwa ufupi, na mimi nakueleza kwa ufupi vilevile. Mtumbwi ulipopinduka alilishika gitaa, likamsaidia kuelea. Mamba alimshika mkono wa kulia. Alichokumbuka baadaye ni kuamka ndani ya nyumba ya mwanamke mmoja mjane, mama yake Somoe, aliyemkuta kwenye tope wakati wa kuokota kaa, mkono wa kushoto umeikamata shingo hiyo na hautaki kuiachia. Mjane huyo alimtibu kwa miezi. Alipopata nguvu za kuuliza habari, mpita njia mmoja, bila kujua anazungumza na nani, alimsimulia jinsi bendi ya Kibiti ilivyomzika mpiga solo wao.

"Ungerudi," nikamwambia. "Tungechinja."

"Ningerudi nikiwa nani? Mfaume alikuwa mikono miwili. Huku naitwa Mgeni, watu hunipa kazi na kunisalimu. Kule ningetokea barabarani, watoto wangekimbia, na wewe ungeniachia nafasi yangu kwenye bendi, kisha sote tungeutazama mkono wangu." Akainua kile kisiki cha mkono. "Niache nilikozikwa."

 Nikafungua gunia. Alipoliona gitaa aliiweka kando ile shingo iliyovunjika. Alipeleka gumba nyuma ya shingo, na hapo hapo uso ukamlegea, kama mtu aliyeketishwa kwenye kitanda chake mwenyewe baada ya safari. "Athumani," akasema polepole.

"Kipimo ni chake. Kazi ni yangu."

"Naona. Upande huu umekula zaidi kidogo."

Na ni kweli, nilikuwa nimekula zaidi kidogo.

Somoe alipiga magoti upande wake wa kulia. Nilimwonyesha jinsi ya kushusha kidole gumba kwenye nyuzi, taratibu, mmoja mmoja, kama mtu anayepekua majani. Mfaume akaweka vidole. Binti akagonga. Gitaa likalia.

Nilitarajia kuusikia wimbo tuliokuwa tukifungulia dansi. Ulianza kama huo. Kisha ukageuka mahali nisipopajua. Mkono ule ulikuwa umetembea miaka mingi kwenye giza la ukimya bila sauti ya kuurudisha njiani, ukaongeza hapa, ukapunguza pale, kila siku kidogo, mpaka ukafika kwenye wimbo ambao hakuna binadamu aliyepata kuusikia, hata mpigaji wake. Ulikuwa mzuri. Lakini haukuwa na mahali pa kupumzikia. Kila ulipotaka kurudi nyumbani ulipinda tena.  Wanawake waliokuwa wanaanika uduvi uwani waliacha kazi, wakasimama na vikapu vyao, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mke wake alitokea mlangoni, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Mfaume mwenyewe alikuwa ametoa macho. Mkono ulikuwa unaendelea, na yeye alikuwa anausikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayezungumza chumba cha pili, ukagundua kwamba anakuzungumzia wewe.

"Basi," akasema. Mkono haukusimama. "Somoe, basi!"

Binti akaondoa kidole. Vidole vya Mfaume vikaendelea kidogo bila sauti, tiki, tiki, kisha vikatulia.

"Ndivyo ulivyokuwa ukisema siku zote?" akauliza. Hakuwa anatuuliza sisi.

Hakuligusa gitaa lile tena. Asubuhi ya safari yangu alinipa Somoe nimfundishe, pamoja na lile gitaa, na mama yake akaridhia. "Mfundishe mkono wa kulia," akasema. "Wa kushoto nimeshauharibu." Na akaniapisha nisimtaje Kibiti. Nilimtaja kwa mke wangu tu, na leo kwako, kwa sababu sasa hakuna wa kumkimbia.

Somoe alikaa kwetu, analala chumba kimoja na binti yangu Salma. Mkono wa kulia aliushika upesi sana. Taabu ilikuwa kushoto. Kwenye shingo ile nyembamba vidole vyake virefu vilizibana nyuzi, zikatoka pwa, pwa, na yeye alifunga taya na kurudia mpaka ncha zikapasuka. Nikimpa gitaa pana alilipiga kwa dakika mbili, akalirudisha ukutani. "Kwenye hilo napotea," alikuwa akisema. Watu wa harusi walianza kumwita, hasa kwenye sherehe za akina mama. Walipenda jinsi anavyopiga, ila kuna mama mmoja wa Ngorongo aliyenivuta pembeni akanong'ona, "Mwalimu, huyu binti mbona akipiga naona kama kuna mtu kakaa nyuma yake?" Nikamwambia ni taa ya karabai. Ilikuwa saa tisa ya mchana.

Naweza kukuambia jambo hapa, wewe unayeanza. Mwanafunzi huchukua mengi kwa mwalimu wake bila wote wawili kujua: jinsi ya kuinamisha kichwa, jinsi ya kukunja uso, hata ulemavu. Nimefundisha watu wanaochechemea kidogo wakipiga wamesimama, na mguu mbovu ni wangu mimi. Huwezi kuyaondoa kwa maneno. Nilimwambia Somoe mara nyingi anyooshe kile kidole. Alikinyoosha kwa adabu, na nilipogeuka kilikuwa kiganjani.

Mfaume alifariki mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Tulipata habari kwa watu wa boti, tukawahi maziko. Alizikwa Kiongoroni mahali palipoinuka ambapo maji hayafiki. Imamu alipouliza jina la marehemu na la mama yake, watu wakatazamana, kwa kuwa walimjua kwa jina la Mgeni tu. Nikasogea mbele nikayataja yote mawili. Somoe alikuwa na wanawake kule nyumbani. Aliniambia baadaye kuwa alikaa na ile shingo iliyovunjika mikononi, na vidole vyake havikutaka kutembea juu yake. Aliiacha kwa mama yake.

Alirudi Kibiti baada ya arubaini. Aliingia kibandani asubuhi, akanisalimia, akafagia, akapanga magitaa kama kawaida yake.  Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele ya lile gitaa pana la nyuzi za plastiki. Alilishusha, akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaishika shingo. 

"Vipi?" nikamuuliza.

"Pana."

"Pana mno?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa umetulia.

"Hamna mtu humu, mjomba," akasema.

Akaanza kupiga. Kila uzi ulilia peke yake, haukuzibwa hata mmoja, na kile kidole cha mwisho kilikunjuka polepole, kikajinyoosha, kikaenda kutua mbali kabisa ukingoni mwa ubao.